Mzabibu wa Mama na Miche Aliyoigawa

Kazi yangu ni kuiambukiza mizabibu ugonjwa kwa makusudi. Natoboa shina, natia kuvu kidogo, nafunga kwa nailoni, nasubiri miezi, halafu napasua nione weusi umetambaa kiasi gani ndani ya mti. Aina inayooza upesi, sisi wa kituo cha utafiti hatuwashauri wakulima waipande. Majirani zangu wa Katandala wanaiona kazi ya mtu aliyekosa kazi, na siku nyingine nawaelewa.

Mama alikuwa na mzabibu mmoja uani, mtamu hasa, na baridi ya huku ulikuwa umeizoea. Karibu kila mwenzake wa jumuiya ya kanisani alishapewa kipande akaotesha. Akanisumbua nipime na wa kwetu, apate la kuringia. Basi nikakata vipande. Nusu nikavitia kuvu, nusu nikavitoboa tu bila kutia kitu, vya kulinganishia.

Ikafika siku ya kuvipasua. Vyenye kuvu vilikuwa vyeusi, sawa. Lakini hata visivyotiwa kitu vilikuwa vyeusi! Maana yake mti ulikuwa unaumwa tangu nyumbani. Nikajiuliza ugonjwa ulifikaje kwenye ua wenye mzabibu mmoja, na jibu likaja haraka mno. Kila mwaka nilitoka na mkasi kazini nikaja kumpogolea mama, bila kuufuta kwa spiriti ya kuua kuvu. Mimi huyu, ninayewafokea wakulima kuhusu spiriti! Niliona aibu.

Nilimwambia mama kwamba mti unaumwa, na miche aliyogawa huenda nayo inaumwa. Habari ya mkasi niliimeza.

Alhamisi jumuiya ilisali kwetu. Baada ya sala mama akasimama, akawaomba wenzake waing'oe ile miche na kuichoma. Akaomba radhi, akasema labda yeye hakuutunza vizuri mti wake. Wakampoza, mmoja akamtania kwamba afadhali kawagawia miche kuliko mafua. Mama alicheka nao, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la kitenge. Mimi mtaalamu mzima nimekaa mkekani, namwachia abebe kosa langu. Roho ikanisuta, nikashindwa kuvumilia.

Nikasimama, nikasema kosa si la mama, ni la mkasi wangu, nikaeleza yote. Hakuna aliyetania tena.

Palikuwa na bibi wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kuchukua mche kwa mama. Ana mzabibu wake mwenyewe, alipandiwa na marehemu mumewe, na hapendi uguswe ovyo. Akanigeukia.

"Na wa kwangu," akauliza taratibu, "si ulikuja kunipogolea mwaka huu?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mkasi huo?"

"Huo huo, bibi."