Jina Alilotaka Nilifute

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Asiyetaka kuamini aache, lakini sitapunguza hata neno.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, si ile ya dunia. Nilikuwa mwandishi wa parokia moja huko Kasha. Majina ya waliouawa tuliyaweka katika programu ya zamani ya kompyuta, na humo ndimo tulimotoa orodha ya kusomwa kwenye misa ya wafu. Mwanangu Pascal alikuwa humo. Kisha fundi akatuletea mashine yenye mfumo mpya wa Linux, programu ikakataa kufunguka.

"Maman, hiyo imekufa. Tupa tu," fundi akasema.

"Tonton, mimi nimezika," nikamjibu. "Hii haijakufa."

Misa ilibaki siku mbili. Kesho yake asubuhi, umeme ulipokuja, nikakuta mwanamke nisiyemjua ameketi kando ya meza yangu. Nje mvua ilikuwa ikimwagika. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Mungu ananiona, kilikuwa kikavu.

"Jana ulisema kweli, maman," akasema. "Haijakufa. Iko inatafuta mafaili yenye ilizoea ku Linux ya zamani. Yatoe ku mashine ya zamani, uyaweke mu dosye yao, folda ya peke yao, usiyachanganye na mapya. Kisha uambie programu iangalie pale kwanza."

Nikayatoa kwenye mashine ya zamani, nikaandika amri alizonitajia, moja moja. Ikafunguka. Nilikuwa karibu kumkumbatia, naye akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Mustari huu ni mimi. Futa. Wakinisoma ku misa, sitaweza tena kurudi kuangalia batoto bangu bakilala."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikataa.

"Mwanangu iko mistari mbili chini. Kila siku natamani arudi. Lakini nilimwacha aombewe, aende. Na wewe enda, maman."

"Uko na roho mubaya."

"Niko nayo. Sifuti."

Niligeuka kuchukua karatasi. Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu. Jina lake lilisomwa, na mimi niliitikia.

Mpaka leo natumia programu ileile. Kila ninapoifungua, mstari wake ni mtupu. Kila mara naliandika tena jina lake lote, nahifadhi, nazima. Hajachoka kulifuta, nami sijachoka kuliandika.

Basi nawe, mgeni akikusaidia kufungua kitu cha zamani, kabla hujamshukuru muulize anataka ufute nini. Akikutajia jina la mtu, mkatalie, hata kama ni lake mwenyewe.