Nguo za Bunruen Juu ya Tuta

Asubuhi ile Bunruen aliamka kabla yangu kama kawaida. Akapika wali, akashuka barabarani kuwapa watawa sehemu yao. Aliporudi akanikuta nimekaa ngazini.

"Mzee, na wewe unangoja kugawiwa?"

Tukaenda kwenye handaki la maji linalozunguka mji wa kale. Akaingia majini mpaka magotini kuvuna mabua ya yungiyungi. Mimi nilishika kikapu. Akasema nakishika kombo. Nikakigeuza. Akasema bado kombo. Tukarudi, akayapika mabua kwa tui na samaki, tukala. Alasiri akajilaza, na hakuamka tena.

Watoto wameniomba niseme mama yao alikuwa mtu gani. Nitasema la tuta. Hilo linatosha.

Sisi tunakaa upande wa mlimani. Tuta la watu wa kale limetoka kilimani hadi kwenye pembe ya mji wao. Maji ya mlima yakishuka hulikuta, yakageuka, yakapita kwenye mdomo wa mawe na kuingia mahandakini taratibu. Upande wetu wa tuta ni mashamba. Upande wa pili, bondeni, ni Nong Pling, kijiji alikozaliwa Bunruen.

Kila mwaka kabla ya mvua, watu wa vijiji vyote viwili hutoka kuziba matundu ya kaa na panya. Unatia udongo wa mfinyanzi uliolowa, unakanyaga, unatia mwingine. Bunruen aliipenda kazi ile kuliko sherehe. Alikanyaga huku akiimba, na aliimba vibaya. Kaa aliowatoa tunduni aliwapeleka nyumbani kuwatwanga pamoja na papai bichi na pilipili. "Ametoboa tuta letu," alisema, "lazima aadhibiwe."

Mdogo wake, Lamom, aliyebaki Nong Pling, alikuwa akija kukanyaga pia na watu wa kwao. Yeye na Bunruen walikanyaga wamepeana migongo. Walikuwa hawasemezani tangu mama yao alipofariki, kwa sababu ya kitanda chake cha mfumi, kile cha kufumia nguo. Lamom alikichukua. Bunruen alisema alipewa yeye. Mimi sikuwahi kujua nani mkweli, na sikuuliza.

Kisha ukaja mwaka wa mvua ile. Ilinyesha bila kupumzika. Maji yakajaa upande wetu, yakaegemea tuta. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba mimba. Zikabaki kuonekana ncha tu. Mkuu wa kijiji, Thongbai, akatuita wanaume. Tulikate tuta, alisema, maji yashuke, mpunga upone.

Kila mtu alijua yangeshukia wapi. Nyumba ya kwanza bondeni ilikuwa ya Lamom. Binti yake alikuwa amejifungua juzi, bado amelazwa kando ya moto na kichanga, na mzazi aliye kwenye moto hahamishwi. Kwetu ni hivyo.

"Nyumba ina miguu mirefu," alisema Sanguan, kijana mmoja asiyekosa neno. "Maji yatapita chini."

Tukabeba majembe, na mimi langu, tukaenda.

Tulimkuta Bunruen ameshafika. Pale tuta lilipokuwa jembamba, karibu na mdomo wa mawe, alikuwa amefunga kamba kutoka mti hadi mti, juu ya vichwa. Kambani alikuwa ametundika nguo za kujifunga za wanawake: zake, za mama yangu, za majirani, nyingi, zinachuruzika maji ya mvua. Nyuma ya kamba alikuwa amekaa chini ya turubai na jiko la udongo, anakaanga ndizi.

Tukasimama wote. Mwanamume wa kwetu hapiti chini ya nguo ya kiunoni ya mwanamke. Hirizi zinapoa shingoni, zinaisha nguvu.

"Dada Bunruen," akasema Thongbai, "unaanika nguo kwenye mvua?"

"Nyumbani nafasi imeisha, Mkuu. Pita tu."

Hakupita.

"Ziondoe."

"Ziondoe wewe. Anza na hiyo ya zambarau, ya mama mkwe wako. Ameniazima kwa moyo mmoja."

Watu wakacheka. Thongbai hakucheka.

"Sanguan," akasema, "vua hirizi zako upite."

"Mimi, Mkuu? Mimi bado sijaoa. Bahati yangu yote imo humu shingoni. Wewe una mke, una ng'ombe, pita wewe."

Mvua ikazidi. Thongbai akalegeza sauti.

"Dada, mpunga wa kijiji kizima unaoza. Na wako umo."

"Najua umo. Mgongo wangu ndio ulioupanda."

"Kwa ajili ya nani? Lamom? Hata salamu hampeani!"

"Hatupeani. Nilisema lini nataka azame?"

"Hatazama. Atalowa."

"Na mzazi je? Na kichanga? Wewe utawabeba pamoja na moto wao?"

Thongbai akanigeukia. "Kaka Pan, mwondoe mkeo."

"Naanzaje kufika pale?" nikasema.

Bunruen akanitazama kwa chini ya zile nguo. "Pan, umekula?"

Sikuwa nimekula. Nikaweka jembe chini. Akazunguka na sahani ya ndizi, akanipa. Sanguan akauliza kama zipo nyingine. Zilikuwepo. Mmoja akakaa, mwingine akakaa, na jembe likikaa chini ni vigumu kulinyanyua tena. Mara wakaja bibi wawili wa kijijini na matenga ya nguo, wakauliza kama kamba ina nafasi.

Thongbai alikula akiwa amesimama, anatazama maji. Mwishowe akasema, "Ule mdomo wa mawe umeziba."

"Umejaa magugu maji tangu juzi," akasema Bunruen. "Njia ya kwenda huko haina nguo."

Basi tukaingia majini. Tukang'oa magugu, matawi, na mzoga wa nguruwe. Watu wa Nong Pling walipotuona wakaenda kusafisha handaki upande wao. Maji yakaanza kutembea, kwa mwendo wake. Bunruen hakuondoka. Alipochoka, bibi wengine walikaa jikoni pale, na kamba ikabaki juu mpaka maji yalipopungua.

Mashamba ya mwinuko yalipona. Ya kwetu, yaliyokuwa chini kabisa kando ya tuta, yalioza. Bunruen alisimama ukingoni akayatazama, kisha akaanza kutega mikunga kwenye matope. Tulikula mikunga sana mwaka ule. Sikumsikia hata siku moja akisema angefanya vingine.

Baada ya mavuno, mkokoteni wa ng'ombe ukaja na kusimama mbele ya ngazi yetu. Lamom alikuwa ameketi juu ya magunia ya mpunga. Akashuka, akayateremsha yeye mwenyewe, moja moja, akayapanga. Alipomaliza akashika pembe ya ng'ombe kama anayetaka kuondoka, lakini hakuondoka. Bunruen akatoka jikoni, mwiko mkononi. Akafungua gunia moja, akachota punje, akatafuna, akamtazama mdogo wake.

"Lamom, mpunga wako mbaya vilevile kama zamani. Panda juu, chakula kinapoa."