Nani Anaumwa Titi?

Atsede hakuwa mtu wa kuficha maradhi. Mtaa mzima ulijua jino lake likimsumbua, mgongo ukimshika, hata tumbo likimwendesha katikati ya mfungo, maana alitangaza mwenyewe kwa sauti ileile aliyouzia mikate yake ya injera kando ya barabara ya kwenda mjini Dessie. Ndiyo maana yaliyomkuta yalituacha midomo wazi, na wengine hatujaifunga mpaka leo.

Kila mwezi wanawake walikusanyika kwake kunywa kahawa. Fentaye, mhudumu wa afya, alikuja na kukaa nao juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni. Alikuwa binti wa palepale, aliyekuzwa kwa injera za Atsede, na adabu yake haikuwa na dosari. Alisubiri kikombe cha pili, watu wakishachangamka, ndipo akauliza.

"Haya mama zangu, dada zangu. Saratani ya titi haina aibu. Nani anaumwa titi?"

"Yangu yalishalala kabla wewe hujaota meno," Atsede alimjibu, na wenzake wakacheka mpaka vikombe vikagongana. "Waulize hawa wanaonyonyesha."

"Etiye, nauliza kweli." Alimwita Etiye, dada mkubwa, kama alivyomwita tangu utotoni. "Mficha maradhi…"

"Kifo humuumbua. Tumesikia. Mimi siumwi, mwanangu. Kunywa kahawa yako inapoa."

Na hakusema uongo. Tangu Sikukuu ya Msalaba ya mwaka uliopita, Atsede alikuwa na kitu kwenye titi lake la kulia. Alikigundua siku moja akioga baada ya kushinda motoni akipika injera. Kilikuwa kidogo na kigumu, kama punje ya dengu. Alikibonyeza, kikanyamaza. Akakibonyeza kwa nguvu kama mtu anayemchokoza mbwa aliyelala, kikanyamaza vilevile. Kwa lugha ya kwetu, kama kwa hii ninayosimulia, neno ni lilelile: mwenye ugonjwa anaumwa, na aliyeunguzwa na kikaango naye anaumwa. Basi mwenye kitu kisichouma ataitwaje mgonjwa? Atsede alikiacha. Mgeni asiyekula chako wala kukunyima usingizi, unamfukuzia nini?

Aliyeumwa alikuwa Enguday, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Titi lake la kushoto lilimuuma kila mwezi hata akashindwa kuinama kufagia. Lakini Enguday alikuwa mwoga, na alipoambiwa aende kituo cha afya alianza kuaga watu kama msafiri wa akhera.

"Utakwenda," Atsede alimwambia, "hata kama nitakubeba kichwani kama kuni."

Jumatatu moja ya mvua akamshika kifundo cha mkono kama aliyekamata mwizi wa kuku, akamkokota matopeni mpaka kituoni. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, benchi na pazia la maua. Enguday alilala kitandani akiwataja watakatifu wote anaowajua. Atsede akakaa benchini kusimamia kazi.

"Lipi?" Fentaye aliuliza.

"La kushoto, dada. Linaniua."

Fentaye alipitisha vidole taratibu, akizunguka, akibonyeza, mpaka kwapani. Kisha akatabasamu. "Sioni kitu kibaya hapa. Ni siku zako zinalivuta. Wengi huwa hivi."

Enguday akaanza kulia kwa furaha. Fentaye akazunguka kitanda ili ashike na la kulia. Atsede naye, kwa raha ya kuona mwenzake amepona bila dawa, ulimi ukamteleza.

"Unaona sasa? Umetuchosha bure! Titi lako lina makelele kama mtoto asiyelelewa. Langu mimi lina dengu hapa tangu Msalaba wa mwaka jana, na halijapiga hata chafya."

Mkono wa Fentaye ukabaki hewani.

"Dengu gani, Etiye?"

"Usinitolee macho. Haliumi."

"Njoo ulale hapa."

"Nimekwambia haliumi!"

"Etiye, lala!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Fentaye akimpandishia sauti mtu mzima. Enguday alishtuka, akavuta gauni lake na kushuka kitandani haraka kumpisha mwenzake. Atsede akalala, bado akicheka kidogo, akitafuta neno la kumtania binti. Vidole vya Fentaye vikalikuta donge, na halikuwa dengu tena. Lilikuwa limefika ukubwa wa kitunguu saumu kizima, limeng'ang'ania ndani, na ngozi ya juu yake ilikuwa imebonyea. Kwapani kulikuwa na jingine. Fentaye aliligusa hilo la pili akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na machozi yakamtoka mbele ya watu bila kuyafuta.

"Nimekunywa kahawa yako kila mwezi," alisema. "Kila mwezi nilikuuliza."

"Uliniuliza kama naumwa. Mimi siumwi."

"Mara nyingi haliumi, Etiye! Likianza kuuma huwa limeshakwenda mbali. Hilo lisilouma ndilo nililokuwa nalitafuta."

Atsede aliinuka akakaa. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni. "Basi si ungeuliza hilo!" alipiga kelele. "Ungeuliza hilo, Fentaye! Ningekujibu siku ileile, mbele ya watu wote!"

Na kweli angejibu, kila mtu anajua. Hilo ndilo lililomchoma Fentaye kuliko yote. Hapohapo akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Dessie, mvua ikipiga bati.

Hospitali ya Dessie walimkata titi, kisha wakamtilia dawa zilizomaliza nywele na kumfanya achukie hata harufu ya injera. Madaktari hawakumwahidi kitu. Walimwambia lingewahiwa likiwa dogo, mambo yangekuwa mepesi zaidi. Sasa watapima tena na tena, na wote wasubiri.

Alirudi baada ya Pasaka, amekonda, kitambaa kichwani, shuka nyeupe ameizungusha kifuani. Kahawa ikaandaliwa kwake kama zamani. Enguday ndiye aliyekaa mahali pa mwenyeji kando ya jiko, akikaanga buni. Fentaye alikuja akakaa karibu na mlango kama mwenye deni. Kikombe cha pili kilipozunguka, mazoea yakamponza.

"Haya mama zangu, nani anaum…"

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Malizia," Atsede alisema. "Malizia tulisikie swali lililonila titi."

Hakuna aliyecheka. Atsede akaweka kikombe chini.

"Basi leo nauliza mimi. Sitaki mwenye maumivu. Nani ana kitu kisichouma? Kidogo, kimya, chenye adabu zake. Nani?"

Wanawake wakatazama vikombe vyao. Mmoja alitikisa kichwa, na mwingine, na mwingine. Kwenye jiko buni zilianza kutoa moshi mweusi.

"Enguday, unaunguza!" Atsede alimgeukia. "Wewe nakujua, la kwako lilipona. Fentaye alikwambia."

"La kushoto," Enguday alisema. Hakukitoa kikaango motoni. Mkono wake ulikuwa ndani ya gauni, upande wa kulia. "Fentaye alishika la kushoto. La kulia hakulifikia. Ulisema una dengu, nikashuka nikupishe."

Fentaye alikuwa ameshasimama.

"Halijaniuma hata siku moja, Atsede," Enguday alisema. "Hata siku moja."