Adhana ya Mwenye Siagi

Miaka ile ya tisini, wakaguzi wa vibali vya redio walipoingia mtaani kwetu Mji wa Kale, habari zao zilipita madirishani kabla wao hawajafika. Redio zilifunikwa kanga, zikasukumwa mvunguni, na ghafla mtaa mzima ukawa wa watu wasiopenda habari. Nyumba yetu ndiyo iliyobaki ikipiga kelele, kwa sababu nyanya, mama yake baba, alikuwa amelipa.

"Redio isiyo na kibali ni kitu cha wizi," alimwambia baba. "Na mimi ntafuturuje kwa kitu cha wizi?"

Hakuwa akitania. Masikio yake yalikuwa mazito hata msikiti ulio nyuma ya nyumba ukiadhini naye hana habari. Mwezi wa Ramadhani alikaa mkekani, redio ameibandika sikioni, tende mkononi, akingoja adhana ya magharibi huku sisi tuko jikoni tunakaanga sambusa. Hakutaka kuambiwa na mtu. Alitaka asikie mwenyewe, na redio ilimpa hilo. Pesa za kibali alizifungua kwenye fundo la kanga kwa moyo mkunjufu ambao sikuwahi kuuona akinunua kitu kingine chochote.

Kisha serikali ikaliambia shirika la redio lijitafutie riziki. Mwanzoni sikuona ubaya. Matangazo yaliingia, ya sabuni, soda na dawa ya mbu, nami nilikuwa msichana na vijiwimbo vyake vikinipendeza. Ramadhani ilipofika, kampuni moja ya siagi ikadhamini kipindi cha kufuturu. Tangazo lake lilianza kwa sauti ya mwadhini, takbira mbili tamu kabisa, halafu mama mmoja akiwaita wanawe waje kwenye mkate.

Siku ya kwanza lilipochezwa, jua lilikuwa bado liko ukutani kwa jirani. Nilitoka jikoni na sahani nikamkuta nyanya anatafuna, macho ameyafumba. Mara akaacha kutafuna. Habari za mkate zilikuwa zimemfikia sikioni.

"Nimekula kabla ya wakati?" aliniuliza.

Sikuweza kumdanganya. Hakulia. Aliitema ile tende kiganjani akabaki anaitazama. Saumu ya siku ile ilikuwa imeharibika, ilibidi ailipe baada ya Idi, na kwa umri wake hakuwa na hakika kama Idi itamkuta. Hilo ndilo lililomtisha, na ndilo lililoniwasha mimi. Kesho yake nilichukua kibali, nikamkokota baba hadi kituo cha redio.

Ofisa aliyetupokea alikuwa mtu wa bara aliyeizoea Mombasa, akatujulia hali mpaka za majirani. Kibali alikitazama kwa huruma.

"Mzee, vibali hivi havilipi hata bili ya stima ya mnara wetu wa matangazo," alimwambia baba. "Mwenye siagi ndiye anayetuweka hewani. Bila yeye hata adhana yenyewe hamtaisikia. Nitamwomba aliondoe tangazo, lakini siwezi kumwamuru."

Baba alisema, "Haya, ahsante." Mimi nilirudi nimefura. Kweli, redio lazima ilipiwe na mtu. Ila nyanya naye alikuwa akilipa, na kulipa kwake kulimpa haki ya kusema. Sasa wa kusikizwa alikuwa mwenye siagi peke yake, na mimi hilo liliniuma sana.

Tangazo halikuondolewa. Idi ilimkuta nyanya, alhamdulillahi, na baada yake akaifunga siku ile aliyodaiwa. Redio aliizima. Alinikalisha dirishani nisikilize msikiti, nimguse goti mwadhini akianza. Nilipomgusa, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, ndipo akala.

Mwaka ulipozunguka, mkaguzi alibisha hodi. Mlango wetu ulikuwa wazi kama kawaida, lakini safari hii redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kanga. Nilimwinamia nyanya nikamwambia kwa sauti kubwa ni nani aliyekuja. Sikumwona akigusa fundo lake.

"Mwambie aitwae," alisema, akiionyesha redio kwa kidole. "Hini si yangu tena. Ni ya mwenye siagi, akamtoze yeye."