Furushi Lisilofunguliwa

Kiangazi kile nilivuka mpaka pale Sirari nikiwa na begi moja na kiburi cha kujaza mawili. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Nakuru, nasomea nyuzi na nguo, na chuo kilikuwa kimenipeleka Kasoli, wilayani Bariadi, kufanya mafunzo ya kazi kwa miezi mitatu. Huku wanayaita fildi. Kampuni ya pamba iliyonipokea ilinitafutia chumba kwa mjane mmoja, mkulima wa pamba na mahindi. Nilimwita mayu, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, naye tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu.

Sikupapenda. Upepo ulipuliza vumbi kutwa, chai ililetwa na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, na jioni wageni wa mayu walipiga soga kwa Kisukuma huku mimi nikitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Mtandao wa simu ulipatikana mlimani tu, nyuma ya shule. Nilipakumbuka kwetu hadi nikawa mkali kwa vitu visivyo na kosa, ndoo, mlango, kuku. Siku zilizobaki nilizihesabu kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kituo cha kununulia pamba. Pamba huku ina madaraja mawili: safi, iliyo nyeupe na kavu, na fifi, ile yenye madoa ya njano ya mdudu kangambili na vipande vya majani. Mkulima huchambua nyumbani kwake, safi anaifunga kwenye shuka, fifi kwenye shuka nyingine, halafu anazileta. Katibu wa chama cha wakulima anafungua furushi, anazamisha mkono hadi chini, anatoa konzi ya pamba na kuitazama juani. Akitaja daraja, mimi naandika.

Furushi moja tu halikufunguliwa, nalo lilikuwa la mayu.

"La mama huyu pitisha," katibu alikuwa akisema. "Hili halifunguliwi."

Mayu alijifanya hasikii, akawa anajifunga vizuri kanga yake. Lakini siku hizo alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko mimi, na jikoni aliimba. Hakuwa na ng'ombe wa kujivunia, wala mtoto mwenye cheo mjini. Alichokuwa nacho ni hicho, kwamba furushi lake linapita likiwa limefungwa, na foleni nzima inaona.

Kila alasiri tulikaa uani kwenye turubai tukichambua. Vidole vyake vilitenganisha safi na fifi huku macho yake yakiwa kwenye sufuria. Mimi nilikuwa mzito, lakini alinivumilia. "Taratibu, mwanangu," alisema. "Pamba haikimbii."

Jumamosi moja aliitwa kanisani kabla hatujamaliza. Furushi la safi lilikuwa karibu kujaa, na pembeni kulikuwa na lundo ambalo bado halijachambuliwa. Akaniambia nimalizie, nifunge. Mimi nilikuwa nimemwahidi mama yangu kumpigia kabla jua halijazama, na wiki nzima sikuwa nimeisikia sauti yake. Niliketi, nikachambua kidogo, nikaliangalia lile lundo, nikalichukia. Basi nikafukua katikati ya furushi, nikalisukumia humo lundo zima, njano na majani na kila kitu, nikafunika juu kwa safi na kukaza fundo. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia si kitu, kwa sababu hili halifunguliwi. Nikakimbia mlimani.

Jumatatu msimamizi wangu wa kampuni alikuja kutoka Bariadi mjini kukagua kituo na kujaza daftari langu la mafunzo. Katibu, kwa kutaka kuonyesha kazi inafuata utaratibu, alifungua kila furushi. Lilipofika la mayu alisita kidogo, akamwangalia yule mgeni wa ofisi, akafungua. Mkono ukaingia. Ulipotoka ulikuwa umeshika pamba ya njano, na katikati yake kangambili aliyekufa.

"Mama, leo vipi tena?" katibu aliuliza kwa sauti ya chini.

Mayu aliitazama ile pamba. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika kalamu, msimamizi kanisimamia begani, daftari langu liko mkononi mwake. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema maneno matatu. Niliogopa. Nilifikiria chuo, alama zangu, safari yote ile iende bure, nikainamisha kichwa kama mtu anayetafuta ukurasa.

"Macho yangu yamechoka," mayu alisema.

Kwenye foleni mwanaume mmoja akacheka. "Kumbe miaka yote tulikuwa tunapitishiwa hii!"

Utaratibu ni kwamba pamba iliyochanganywa inamwagwa palepale, na mwenyewe anaichambua upya mbele ya watu. Mayu alipiga magoti juani, akachambua mpaka saa saba. Siku ile ile msimamizi aliandika kwenye daftari langu kwamba mwanafunzi ni makini na mwaminifu. Nililisoma neno hilo la mwisho mara nyingi, na kila mara nikalifunga daftari.

Tangu hapo furushi lake lilifunguliwa kila siku ya mnanda, siku ya kuuza pamba. Nyumbani hakunigombeza. Chakula kilikuwa kilekile, tena alinipakulia kwanza. Ila nilipokaribia turubai alisema, "Pumzika, mgeni." Hakuniita mwanangu tena, na jikoni kukawa kimya.

Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, nilimwambia. "Mayu, ile pamba ni mimi. Nisamehe."

Alikuwa anafunga furushi la siku hiyo. Hakuacha kufunga.

"Najua," alisema. "Nilikusamehe kitambo. Lakini hapa tuko wawili, mgeni. Mimi nilikungoja useme kule."

Akanipa michembe kwenye mfuko kwa ajili ya mama yangu, akajitwika furushi kichwani, akashika njia ya kituoni.

Nusu saa baadaye basi langu lilipita hapo. Foleni ilikuwa ndefu. Katibu alikuwa ameinama, mkono umezama ndani ya furushi la mayu hadi kwenye kiwiko, na mayu amesimama kando akiangalia miguu yake. Dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya mikokoteni. Angesimama kama ningemwomba. Niliupakata mfuko wa michembe, basi likaongeza mwendo.