Usiombe Zamu ya Mwisho

Kuko siku moja, mwanangu, ambayo hata nichoke namna gani siwezi kuisahau. Keti hapa. Hapana, sukuma kwanza ile beseni ya chisense, dagaa ba hapa, harufu yake inaingia mpaka mu chai. Bon. Jana ulirudi ku likelemba yenu, ule muchango wa zamu, na furaha, ukaniambia umeomba uwekwe wa mwisho kupokea, ili bamama ba upande wa mume wako baone kama uko mutu wa heshima. Nikaingia kulala. Haikuwa kukubali. Nilikuwa nimechoka tu, na maneno ya namna hii yanataka mutu aliyelala vizuri.

Miye pia nilikuwa na likelemba. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Congo juu ya vita, miye na mume wangu Ilunga, baba yako, tukapanga chumba kimoja huku Nchelenge, karibu na soko. Bana Chanda, yaani mama ya Chanda, kama vile Babemba banavyomwita mutu kwa jina la mutoto wake, alikuwa anauza chumvi kando ya meza yangu. Akanionea huruma, akaniingiza mu kikundi chake. Kila mwisho wa mwezi kila mama analeta kiasi kile kile, na mumoja wetu anabeba yote. Mwezi unaofuata anabeba mwingine, mpaka tumalizike. Nilikuwa mugeni peke yangu kati ya bamama ba hapa. Siku ya kupanga zamu, bengine banagombana nani aanze, miye nikasema kwa sauti tamu, muniweke wa mwisho. Bakanisifu. Ee, siku ile nilijisikia mukubwa.

Na Ilunga alikuwa tayari amesimamisha kuta za nyumba yetu kule Kafutuma. Vyumba viwili, matofali mabichi, aliyafyatua mwenyewe mvula ilipoisha, mu siku asizokwenda ziwani. Kilichobaki ni mabati. Unajua matofali mabichi bila paa, ni kama chumvi inayongoja maji. Kwa hiyo franga yote, pesa yote ya zamu yangu, ilikuwa ya mabati, na mabati ilikuwa lazima yapande juu mbele ya mvula. Shauri lingine hatukuwa nalo.

Tulipotawanyika, Bana Chanda alinivuta pembeni, akaniuliza nitafanya nini na franga. Nikamwambia. Akakunja uso, akasema nichukue zamu ya kwanza ao ya pili, yeye ataongea na bengine. Miye, na ujinga wangu wa kusoma kidogo, nikamjibu na methali ya shule: mvumilivu hula mbivu.

"Mbivu inaoza, mama," akasema. "Kama unataka kutuonyesha heshima, tuonyeshe kwa kulipa mpaka mwezi wa mwisho. Si kwa kukaa nyuma."

Nilikataa. Kiburi cha mugeni ni kibaya kuliko cha mwenyeji, juu kinavaa nguo ya unyenyekevu, hata mwenyewe hakitambui.

Sasa sikia mwaka ule ulivyokwenda. Mufuko wa bunga tuliokuwa tunanunua muzima, tukaanza kununua nusu. Kisha tukaingia mu vile vifuko vidogo vya plastiki, bunga ya kupika bukari, ule ugali wetu, wa siku moja, ambayo ukipima vizuri ni ghali kuliko mufuko. Masikini analipa zaidi, mwanangu, asikudanganye mutu. Mwenye nyumba akaongeza franga ya chumba, halafu akaongeza tena, kila mara anasema si yeye, ni vitu vimepanda. Na vilikuwa vimepanda kweli.

Na kazi je? Zamani mwenye bwato, mutumbwi ambamo Ilunga alikuwa anavua, alikuwa anagawia bavulana bake samaki. Ilunga anarudi na fungu lake, tunakula, tunauza, na bei ya samaki ikipanda na sisi tunapanda nayo. Mwaka ule yule bwana akaanza kuwalipa franga ya siku. Ilunga alifurahi, juu ni ya hakika, hata samaki ikikosekana. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Kumbe ile franga ilikaa pale pale, na bunga inakwenda mbio. Serikali ilipofunga ziwa ili samaki bazae, hata ile ya siku ikaisha, akaenda kulima mihogo ya batu.

Lakini ku likelemba nililipa. Kuko siku tulikula bukari na chumvi, na nikalipa. Nilimuona mama mumoja ananunua cherehani, mwingine mbuzi, nikajituliza kwamba yangu inakuja.

Ikafika. Mawingu yalikuwa tayari yamesimama upande wa Congo. Tukaenda dukani, Ilunga anasukuma baiskeli ya jirani ya kubebea mabati. Muuza duka akataja bei. Nilidhani ametuona bakimbizi, anatupandishia. Tukaenda duka la pili, bei ni ile ile. Nikarudi kwa Bana Chanda na hasira yangu yote, nikamuuliza ni mama gani aliyepunguza muchango wake. Bana Chanda akanikalisha, akahesabu mbele yangu, polepole. Franga ilikuwa timamu, kiasi kile kile cha mwezi wa kwanza. Hakusema kwamba alinionya. Angenigombeza ningepata nafuu.

Tulinunua mabati tuliyoweza, hayakutosha hata chumba kimoja. Ilunga akaenda kumuomba mwenye bwato amukopeshe kidogo, akanyimwa. Akatafuta majani ya kuezeka, lakini bengine walishayakata yote. Tulikuwa bado tunatafuta wakati mvula ilinyesha, ile kubwa ya kwanza isiyoomba ruhusa. Asubuhi tulikwenda Kafutuma tukakuta udongo. Mu pembe moja tu matofali kadhaa yalikuwa bado yanasimama. Ilunga aliyaangalia, akasema, "Afadhali kungekuwa na mutu aliyetuibia. Ningepata wa kugombana naye." Halafu akapanda baiskeli akaenda kazini, juu mwenye bwato anakata siku ya mutu anayechelewa.

Yale mabati tuliyauza moja moja. Moja likawa bunga, lingine likawa dawa ya kaka yako mukubwa. Hatukufyatua tena. Kila mwaka tunasema mwaka kesho, na kila mwaka chumba kinakula kile tulichotaka kuweka. Miaka ile yote, mwanangu, tulimjengea mutu mwingine.

Ilunga alikufa mu chumba cha kupanga. Batu balijaa nje kumulilia, wa hapa na wa kwetu. Kilio kilikuwa bado hakijaisha, mwenye nyumba akaja. Akatoa pole vizuri, na mukono wake kifuani. Kisha akainama akaniuliza, sauti ya chini, kama tutaondoka lini, juu kuko mupangaji anayeweza kuongeza. Sikumchukia. Naye alikuwa na batoto banaokula ile bunga ya bei ile ile. Lakini siku ile nilielewa nilimfanyia nini mume wangu na ile sauti yangu tamu.

Basi weye na mume wako bado muko na kuta zenu zinazongoja paa, na mawingu hayajasimama. Kesho, mbele ya kwenda soko, rudi kwa mama anayeongoza likelemba yenu. Piga magoti kama desturi ya hapa, useme ulikosea, useme kuta zako ziko nje, uombe zamu ya karibu. Utaona haya kidogo. Mficha uchi hazai. Wakikupa, lipa kila mwezi mpaka mwisho, hata mukila bukari na chumvi, juu ukiacha kulipa utakuwa mwizi wa kweli. Na yule atakayekuwa wa mwisho musimuache apate hasara yangu. Waambie bamama muchango ufuate bei ya mufuko wa bunga, upande nao, ushuke nao. Bana Chanda alifanya hivyo tangu mwaka ule, na hakuna mama aliyelia tena.

Franga ikikuingia mukononi usiilaze. Igeuze bati, hata moja. Mume wako akiulizwa kama anataka fungu la samaki ao franga ya siku, muketi kwanza babili muongee, asijibu na furaha. Uvumilivu utunzie batu: mume, batoto, mama-mkwe wako na ule ulimi wake. Franga usiivumilie.

Nimechoka sasa, nisaidie kuinama nikushike kichwa. Mungu wa bazee betu akuone, mwanangu. Akupe mulango ambao hakuna mutu anaupiga mwisho wa mwezi. Na siku yako ikifika, iwe mbali sana, banaokulilia bakae mu uwanja wako mpaka machozi yaishe yenyewe, na pasikuwe mutu wa kuwauliza bataondoka lini.