Log ya server yangu ilivyomwita dada yangu mwizi kwenye karasha la dhahabu Kerende

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Wanaojua Java watanielewa haraka, na wasiojua wavumilie kidogo, nitaenda taratibu.

Mimi ni kijana wa Busawe, Serengeti. Nimesoma IT, ajira hakuna, nikawa naunga unga vijikazi vya kutengeneza mifumo. Kipindi hicho dhahabu ilikuwa imewachanganya watu huku Nyamongo. Walimu, waimba kwaya, wauza mitumba, kila mtu ana mawe yake anasaka pa kuyasaga.

Mzee mmoja pale Kerende, tumwite Mzee Marwa, alikuwa na karasha, yaani ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Shida yake kubwa ilikuwa foleni. Watu walikuwa wanapigana kila siku kwa sababu ya zamu.

Nikamtengenezea mfumo wa zamu. App ya Java, na ndani yake nimeweka Jetty, yaani server ndogo inayokaa humo humo ndani ya app, kwa hiyo hakuna kuinstall server pembeni. Unawasha faili moja tu la programu, jar, kwenye laptop ya ofisi, kazi imekwisha. Hakuna internet, ni Wi-Fi ya router tu inayokula umeme wa jenereta. Mchimbaji akikaa pale nje anafungua simu, anaona zamu yake imefika wapi.

Nikawasha na request log. Kila ombi linaloingia kwenye server linaandikwa: limetoka kifaa gani, saa ngapi, limeomba nini, limejibiwaje. Default ya Jetty inaandika saa za GMT, nikaibadilisha iwe Africa/Dar_es_Salaam. Nilijiona fundi kweli kweli.

Tena kwa kuwa Mzee hapendi saa za kizungu, nikamtengenezea ukurasa wa ripoti unaosoma ile log na kuigeuza kwa Kiswahili. Log ikisema 09:00, ripoti inaandika saa tatu asubuhi. Mzee akafurahi sana.

Aliyekuwa anakaa kwenye laptop ni Bhoke, dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Mimi ndiye niliyempeleka pale. Mshahara wake ndio ulikuwa unalisha nyumba ya mama yake, na ufunguo wa ofisi alikuwa anatembea nao yeye, maana ndiye alikuwa anafungua asubuhi.

Sasa siku moja Bhoke akanipigia analia.

Mama mmoja anaitwa Ghati alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mchana akakuta jina lake lipo mkiani. Wenzake aliochimba nao wakamgeuka kwamba ameuza zamu yao. Akaja juu ofisini. Mzee akafungua ripoti, ikamwambia zamu imehamishwa kutoka kompyuta ya ofisi, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri.

Alfajiri nani ana ufunguo? Bhoke peke yake.

Mzee akamtoa nje mbele ya umati wote, akamnyang'anya ufunguo, akamwita mwizi. Wakuu, kwenye machimbo ukishaitwa mwizi hadharani hakuna ofisi itakayokupokea tena. Na hapo ushukuru kama hujapigwa.

"Kaka, mfumo ni wako," Bhoke akaniambia. "Wewe ndiye unajua kama unadanganya."

Nilipanda boda kesho yake asubuhi. Nilishaamua kwamba sirudi Busawe mpaka nijue ukweli, hata kama ukweli wenyewe utamchoma dada yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kukagua mfumo, mzee."

"Kagua. Mashine haina undugu."

Ile kauli iliniuma, kwa sababu ndivyo mimi mwenyewe nilivyomwambia siku nauza mfumo.

Nikakaa kwenye laptop. Nikatupa jicho kwenye saa ya pale pembeni ya screen, imeandika 3:10. Nikasema moyoni saa tatu na dakika kumi, nimewahi. Nikaendelea na kazi. Hapo naomba mpakumbuke.

Nikafungua faili lenyewe la log, siyo ripoti. Ule mstari nikaukuta: 127.0.0.1, yaani laptop yenyewe ya ofisi, 05:40, POST ya kuhamisha zamu, 200, yaani ombi limekubaliwa. Code iko sawa. Timezone iko sawa.

Lakini nikagoma kuishia hapo. Nikasoma siku nzima, mstari kwa mstari. Nikaona simu kibao za wachimbaji zinaangalia foleni saa 02:00 usiku. Saa 03:00, nyingi zaidi. Halafu ikifika 12:00, kimya hadi kesho.

Nikajiuliza, usiku wa manane hao watu wanatafuta nini karashani? Geti linafungwa jioni. Jenereta linazimwa. Router bila umeme hizo simu zimeunganishwa na nini?

Nikarudi kwenye mafaili ya nyuma. Mwanzoni watu walikuwa wanaingia kuanzia 07:00 mpaka jioni, kawaida kabisa. Kuna siku moja katikati, ghafla wote wakahamia usiku.

Nikainua macho tena kwenye ile saa ya pembeni. 3:40. Nikatoa simu yangu mfukoni. 9:40.

Wakuu, nilikuwa nimeiangalia ile saa kwa macho yangu, na akili ya Mswahili ikaipitisha bila maswali.

"Mzee, nani aligusa saa ya hii kompyuta?"

"Mimi," akajibu bila wasiwasi. "Ilikuwa inadanganya watu. Kwenye screen ya foleni inaandika tisa na wakati ni saa tatu! Watu wananigombeza. Nikairekebisha."

Mmeona? Mimi niligeuza saa kwenye code ya ripoti. Mzee naye akaigeuza kwa mkono kwenye laptop. Saa imegeuzwa mara mbili, na saa tano na dakika arobaini ya mchana kweupe ikawa alfajiri.

Nikamwandikia kwenye karatasi mpaka akaelewa. Kisha nikamuuliza, "Siku ile saa sita kasoro, nani alikuwa kwenye hiki kiti?"

Akafikiri.

"Bhoke nilimtuma dizeli Matongo," akasema polepole. "Alikuja mgeni wangu kutoka Sirari. Nikakaa mimi, nikawa namwonyesha mfumo unavyofanya kazi. Nikaliburuza jina moja, hivi, aone."

Jina lenyewe lilikuwa la Ghati.

Akampigia Bhoke simu aje, na alipofika akamnyooshea ufunguo pale pale ofisini, mlango umefungwa. Bhoke hakuupokea.

"Tata, baba yangu, mwizi uliniita kule nje. Na ufunguo nipe kule kule."

Nilidhani Mzee atalipuka. Akasimama, akatoka, akazima karasha ili asikike. Mbele ya watu wote, na mama Ghati yupo, akasema aliyehamisha zamu ni yeye. Mawe ya Ghati yakaingia ya kwanza. Bhoke akapokea ufunguo, akaingia kazini bila kumwangalia mtu.

Mimi nilienda nyuma ya jenereta nikalia kidogo. Sioni aibu kusema.

Nilichojifunza ni kwamba request log inaamini saa ya mashine kama mtoto anavyomwamini mama yake. Saa ya mashine iache kama ilivyo, kugeuza kwa ajili ya binadamu kufanyike sehemu moja tu, kwenye screen. Sasa screen ya foleni inaandika Kiswahili chenyewe, kubadili saa kunataka password yangu, na kila anayekaa pale anaingia kwenye mfumo kwa jina lake ili log imtaje mtu badala ya kompyuta.

Mzee naye ana jina lake la kuingilia, na Bhoke ndiye aliyemfungulia.

Karibuni mnikosoe, hasa mnaoendesha server sehemu zisizo na internet. Ila kabla hujacomment, angalia saa ya mashine yako hapo ulipo. Una uhakika nani aliigusa mara ya mwisho?